Stiki au dishi?
Wewe unayeuliza ununue Fire TV Stick (kidude cha kuchomeka kwenye tv utazame kwa intaneti) au ufunge dishi la chaneli za bure, angalia kwanza intaneti yako ikoje. Kustrimu kwa HD kunaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, sasa kama unategemea bando la simu litakata mapema sana na hapo hujalipia Netflix yenyewe. Dishi ukishanunua na risiva yake, fundi akalielekeza vizuri kwenye setilaiti, basi, hakuna kulipa kila mwezi, labda mvua kubwa ndo inakata picha kidogo. Ila mechi kubwa usizitegemee huko, nyingi zimefungwa mpaka ulipie. Mi ningeanza na dishi, stiki nunua ukipata waifai isiyo na kikomo, stiki na risiva zote zinachomekwa kwenye tv ileile, kila moja tundu lake la HDMI.