Wadogo Zangu, "Take" Si "Chukua" Kila Mahali

Wiki hii nimehariri rasimu tatu za watafsiri wapya, na katika zote tatu "took place" ya Kiingereza imegeuzwa kuwa "mkutano ulichukua nafasi Arusha". Kwa Kiswahili, anayechukua nafasi huwa ameshika mahali pa mwenzake, mkutano hufanyika. Nawapenda, ila subira imeanza kunitoka, basi yashikeni haya.

1. Someni nomino inayofuata "take" kabla ya kugusa kitenzi. Picha hupigwa, mtihani hufanywa, basi hupandwa, kiapo huliwa.

2. Dawa humezwa au hunywewa. Mwaka wangu wa kwanza nilitafsiri kipeperushi cha wagonjwa, nikaandika kwa kujiamini kabisa: "Chukua kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni." Kilichapishwa bila kusomewa mtu yeyote wa kijijini. Maboksi yalipofika zahanati, muuguzi alimsomea bibi mmoja aliyekuwa benchini, naye akasikiliza mpaka mwisho, akafungua pindo la kanga alimofunga vidonge vyake, akavitazama, kisha akaniuliza kwa upole: "Nikishachukua, mwanangu, nipeleke wapi?" Hakuna aliyecheka. Nilielewa hapo hapo kwamba mama huyu angeweza kurudi nyumbani na vidonge vyake bila kumeza hata kimoja, na kwamba kosa lingekuwa langu. Jioni ile nilikaa sakafuni na kalamu ya wino, nikikata "chukua" na kuandika "meza" juu yake, karatasi baada ya karatasi, hadi vidole vikafa ganzi. Mpaka leo nikilikuta neno hilo karibu na dawa, moyo hunipiga.

3. Msikimbilie kulifukuza "chukua" kabisa, maana lina uwanja wake: mtoto huchukua sura ya baba, mwanamke huchukua mimba, safari huchukua siku mbili, na nguo inayompendeza mvaaji imemchukua. Kijana mmoja niliyemkanya mwezi uliopita aliogopa mno hata akaniandikia kwamba safari "itatwaa siku mbili"; nilimkalisha, tukanywa chai, tukaanza upya.

4. Angalieni kijineno kinachofuata: kwa "take off", ndege hupaa lakini koti huvuliwa, na kwa "take on", mfanyakazi huajiriwa.

Rasimu nimezirudisha. Nazitaka kabla ya Ijumaa, zikiwa zimesomwa kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza, na kila swali atakaloliuliza liandikwe pembeni.