Ukitaka kufundisha Afrika, anza na ugomvi wa mababu zenu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha historia Mbeya, niliingia darasani na Mkwawa mfukoni. Mimi mtu wa Iringa, nimekulia si mbali na Kalenga, ngome ya Mkwawa, na kwetu habari za chifu huyo wa Wahehe mtoto anazipata kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Basi kidato cha pili nikawasimulia vita ya Lugalo kama vile nilikuwepo: tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa Zelewski unakatiza vichakani, Wahehe wanainuka na mikuki, na muda si mrefu kamanda wa Kijerumani kalala chini. Sauti ilinipanda. Nikageukia ubao, nikaandika kwa herufi kubwa: UMOJA WA WAAFRIKA DHIDI YA UKOLONI.

Kijana mmoja wa viti vya nyuma, mtu wa Usangu, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Bibi yangu anasema Mkwawa na baba yake ndio waliotufukuza kwetu. Mjerumani ndiye aliyeturudisha."

Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia akae, tutalirudia hilo. Hatukulirudia. Muhula ukaisha, mtihani ukaja, nami nikashukuru Mungu kwamba mtihani haukuuliza.

Nawaandikia ninyi mnaosoma ualimu sasa, hasa wale mliokwisha kuwaka moto wa Uafrika huko vyuoni, kwa sababu ya swali lile. Kijana alikuwa sahihi. Wahehe waliwasukuma Wasangu mpaka chifu wao Merere akahamia upande wa Usafwa na kujenga Utengule, karibu na Mbalizi ya leo. Wajerumani walipokuja, Merere aliona rafiki, akaungana nao. Tena askari waliobeba bunduki za Mjerumani wengi wao walikuwa Waafrika: Wasudani, watu waliochukuliwa Msumbiji, Waswahili wa pwani. Kalenga ilipoangushwa Oktoba 1894, waliopanda kuta zake wengi walikuwa weusi kama waliozilinda.

Ukificha hilo, mwanafunzi atalijua siku moja kwa bibi yake, na siku hiyo hatakuamini tena hata ukisema kweli.

Kosa langu lilikuwa kuutafuta umoja mahali ambapo haukuwepo. Mwaka 1891 hakuna mtu Iringa aliyejiita Mwafrika. Alijiita mtu wa mtwa fulani, yaani chifu. Uafrika kama wazo la siasa ulijengwa baadaye, na watu wenye majina na tarehe, mkutano kwa mkutano: Manchester 1945, ambako Nkrumah na Kenyatta walikuwa mezani, Accra 1958, Addis Ababa 1963, Dar es Salaam Juni 1974, Kongamano la Sita la Uafrika. Umoja ni kazi ya mikono, si damu. Nilipolielewa hilo (na nilichelewa, nakiri), nikaacha kuwaambia wanafunzi kwamba zamani tulikuwa kitu kimoja, nikaanza kuwauliza ni nani alitufanya tuanze kuwa kitu kimoja, na kwa gharama gani.

Na hapa nyanda za juu tuna bahati ambayo sijui kwa nini hatuitumii. Reli ya TAZARA inapita Makambako, inapita Mbeya, inatokea Tunduma. Kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wanafunzi wangu waliiona kama kitu cha kuchelewesha safari tu. Nikawauliza: kwa nini Zambia ilihitaji reli ya kuja kwetu? Hapo ndipo utamleta Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na uhuru wake wa kujitangazia wa Novemba 1965, shaba ya Zambia iliyokuwa inapita kusini kwa walowezi hao, nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilizosema mradi haulipi, na Wachina waliosema tutajenga. Kazi ilianza 1970, ikakabidhiwa 1976. Somo zima la siasa za ukombozi limelala pale kwenye mataruma.

Kisha watume kwa wazee. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa mzee mmoja aliyefanya kibarua cha reli, nimejiandaa kusikia habari za mshikamano. Shikamoo mzee, marahaba, nikauliza: mlijua mnamkomboa Mzambia? Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mimi nilijua nanunua baiskeli na naoa." Nilikaribia kufunga daftari. Bahati nzuri nilinyamaza, naye baada ya kimya akasema kwamba mabehewa ya shaba yalipoanza kupita, yeye na wenzake walikuwa wanakaa wanayahesabu. Hakueleza kwa nini, nami nikaandika hivyo hivyo.

Ukienda kwa mzee, usimpe jibu ndani ya swali. Na nenda kwa wazee wa pande mbili. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya kumbukumbu za Maji Maji, vijana wenye daftari kama lako, na kazi yao bado inasomwa na mabingwa. Kwa hiyo usiniambie huna vifaa.

Wilaya ya Kilolo kuna Mgagao, ambako wapiganaji wa Zimbabwe walifundishwa vita. Mwaka 1975 maofisa vijana wa kambi ile walitoa tamko la kuwakataa viongozi wao wa zamani, na tamko hilo lilimsafishia njia Mugabe. Siasa za Harare zikageuzwa Iringa! Mwanafunzi akilisikia hili anakaa wima. Lakini mwambie pia alichokuja kukifanya Mugabe baadaye, usimwachie nusu.

Vivyo hivyo na ujamaa. Wengine wetu tunampenda Nyerere mpaka tunasahau kufundisha. Azimio la Arusha la 1967 lisome na Isimani ya Iringa pembeni: Desemba 1971, siku ya Krismasi, mkulima Said Mwamwindi alimuua mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, katika mvutano wa mashamba na ujamaa. Usimfanye yeyote malaika. Waulize wanafunzi kila mmoja aliogopa nini.

Vitabu? Soma Walter Rodney, mtu wa Guyana aliyefundisha Dar na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1972, ila soma kwa penseli na ubishane naye. Mabishano ya Nkrumah na Nyerere kwenye mkutano wa nchi huru za Afrika kule Cairo 1964 ndiyo chakula changu zaidi: mmoja anataka serikali moja ya Afrika sasa hivi, mwingine anasema twende hatua kwa hatua, na mkutano unakubali kuheshimu mipaka ya mkoloni. Wafundishe hilo watoto wa Tunduma, ambao mjomba yuko Nakonde ng'ambo ya geti. Hutahitaji kueleza mpaka ni nini. Ubishi wao ufanyike kwa Kiswahili, hata kama notisi ni za Kiingereza, maana nimegundua kwa Kiingereza wanakariri na kwa Kiswahili wanabisha.

Yule kijana wa Usangu nilimfuata akiwa kidato cha nne. Nikamwambia nilimkosea, na nikamwomba anisaidie: likizo amhoji bibi, aandike maneno yake bila kuyapamba. Alirudi na kurasa nne, mwandiko umebanana. Tukazisoma darasani sambamba na simulizi niliyoichukua Kalenga kwa mjomba wangu, na wanafunzi wakakaa kuzilinganisha mpaka kengele ikatupita, mwalimu wa kipindi kilichofuata akasimama mlangoni amekunja mikono.

Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na swali la kuniuliza mimi binafsi. Bibi anauliza, huyo mwalimu kama kweli ni Mhehe, ng'ombe wetu mtarudisha lini?