Utabiri wa wiki kwa mji mdogo unausomaje?

Mkuu, umeuliza kwa nini simu iliandika mvua asilimia 40 siku ya Alhamisi, kwenu pakabaki pakavu huku mji wa jirani ukipigwa na radi, na kama kuna haja ya kuendelea kuangalia utabiri wa siku 7. Haja ipo.

Jina la mji wako kuonekana kwenye simu hakumaanishi kuna mtu amepima hewa hapo. Mara nyingi ni hesabu ya kompyuta tu. Dunia imekatwa vipande: kwenye modeli (yaani hiyo programu ya hesabu) ya Marekani, GFS, kipande kina upana wa kilomita kama 13; ile ya kituo cha Ulaya, ECMWF, kama 9. Wingu la radi linaweza kuwa la kilomita chache tu, kwa hiyo linapenya humo kama dagaa kwenye wavu wa matundu makubwa. Kompyuta inaona kwamba siku hiyo kuna unyevu na joto la kutosha kuzaa radi. Wingu litafumuka juu ya paa la nani, haijui, ndiyo maana inatoa asilimia. Katika siku 10 za aina hiyo, 4 hivi mvua itakufikia ulipo. Alhamisi yako iliangukia kwenye zile 6, basi.

Mimi kale kapicha ka wingu na matone sikajali kabisa. Nafungua saa kwa saa, natazama milimita. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Asilimia 80 yenye nusu milimita ni manyunyu, nguo zinaweza kubaki kambani. Asilimia 30 yenye milimita 25 ndiyo inayonifanya nizibue mfereji mapema.

Joto nalo lina mambo yake. Kadiri unavyopanda, hupungua wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, na modeli huwa inasawazisha milima na mabonde. Nyumba yangu iko bondeni, na usiku wa anga jeupe lisilo na upepo hewa baridi huteremka ikatuama hapo. Kipimajoto changu husoma chini ya simu karibu kila usiku wa namna hiyo, kwa hiyo napunguza nyuzi mbili kichwani na kulala na blanketi la pili. Ukilinganisha hivyo kwa muda, utajua simu yako inakosea kwa upande gani.

Sasa hiyo wiki yenyewe. Leo na kesho naamini hadi saa. Siku ya tatu hadi ya tano naamini mwelekeo tu. Ya sita na ya saba ni tetesi, kwa sababu kosa dogo la vipimo vya leo hukua kila siku inayopita. Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa, alilionyesha hilo mwaka 1963. Hesabu za modeli hizo hupigwa upya mara 4 kwa siku, kwa hiyo chungulia asubuhi na jioni. Mvua ya Jumamosi ikirukia Jumapili, kisha ikarudi Ijumaa, bado haijatulia, usilipie turubai. Ikiganda palepale tangu Jumatatu hadi Jumatano, lipia.

Ila onyo la mamlaka ya hali ya hewa likitoka, usianze kulibishia kwa simu. Hilo limepitiwa na mtu anayetazama rada na picha za setilaiti.