Maswali na majibu: Kanuni ilisemaje kabla ya mzunguko wa mwisho?

Barua za safari hii zimekuja mafungu mawili. Kuna wanaouliza kuhusu mbio za magari zilizoishia kwenye mabishano, na kuna wanaotaka kujua timu ipi ya kikapu ya chuo Marekani itafika mbali ifikapo Machi. Nilikuwa nizigawe, lakini nilipozisoma tena nikaona wote wanauliza kitu kimoja: aliyeshinda, kashinda kwa haki? Basi nimezichanganya.

Msomaji wa Arusha: Miaka imepita na bado roho inaniuma. Abu Dhabi 2021, Hamilton aliibiwa au hakuibiwa?

Verstappen hakumwibia mtu. Alifungua mlango uliokuwa wazi, na dereva yeyote angefanya vivyo hivyo. Kosa lilikuwa la aliyeushika ufunguo.

Tukumbushane. Tarehe 12 Desemba 2021 wawili hao walianza mbio za mwisho za msimu wa Formula 1 wakiwa na pointi sawa, 369.5 kila mmoja. Hamilton aliongoza karibu mbio nzima. Kwenye mzunguko wa 53 kati ya 58, dereva Latifi akagonga ukuta, gari la usalama likatoka, wote wakafuata nyuma yake polepole bila kupitana. Verstappen akaingia kubadilisha tairi, akavaa laini mpya. Hamilton akabaki na tairi ngumu alizozivaa tangu mzunguko wa 14, maana kama angeingia angepoteza uongozi. Kati yao kulikuwa na magari matano yaliyokwisha kupitwa mzunguko mzima.

Hapo ndipo penye kidonda. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, alianza kwa kutangaza kwamba magari hayo hayataruhusiwa kupita. Baadaye akaruhusu matano yale tu, yaliyokuwa kati ya hao wawili, na mengine akayaacha yalipo. Kisha akaliita gari la usalama lirudi mzunguko uleule, wakati kanuni ilitaka lirudi mwisho wa mzunguko unaofuata. Ukabaki mzunguko mmoja, na Verstappen mwenye tairi mpya akampita Hamilton. Kanuni ingefuatwa, mbio zingeishia nyuma ya gari la usalama na Hamilton angechukua ubingwa wa nane. Sainz, aliyekuwa wa tatu, yeye aliachiwa magari mengine mbele yake. Akimtaka Verstappen, ilibidi kwanza ahangaike na wasiomhusu. Kwa nini njia isafishwe kwa wa pili tu?

Utetezi ulijikita kwenye neno moja. Kanuni ilisema magari "yoyote" yaliyopitwa yataruhusiwa kupita, na upande mmoja ukadai kwamba "yoyote" haina maana ya "yote". Malalamiko ya Mercedes, timu ya Hamilton, yalitupwa siku ile. Machi 2022 FIA, chama kinachosimamia mbio za magari duniani, ikatoa ripoti yake: kulikuwa na kosa la kibinadamu, Masi alitenda kwa nia njema, matokeo yanabaki. Masi alikwisha kuondolewa kwenye nafasi ile, na kanuni ikaandikwa upya: sasa ni magari "yote". Silabi moja imepunguzwa, na ubingwa wa dunia ulining'inia juu yake.

Kwa hiyo jibu langu: ubingwa ni wa Verstappen, na namna ulivyoamuliwa haikuwa ya haki. Yote mawili ni kweli, na shabiki wa upande wowote anaweza kuyasema bila kumkosea mwenzake.

Msomaji wa Mombasa: Ajali ikitokea mizunguko ya mwisho, wafanye nini basi? Wamalize polepole nyuma ya gari la usalama? Hilo nalo si raha.

Si raha, nakubali. Aprili 2004 kule Talladega, Alabama, Jeff Gordon alipewa ushindi wa NASCAR, mbio za magari za Wamarekani, chini ya bendera ya njano inayokataza kupitana, mbele ya Dale Earnhardt Jr., na watazamaji wakarusha makopo na takataka uwanjani. Kabla mwaka haujaisha NASCAR ikawa imeleta mizunguko ya nyongeza: mbio zinarefushwa, bendera ya kijani inapepea, na wanashindana mizunguko miwili ya kweli. Mwanzoni jaribio lilikuwa moja, baadaye matatu, na siku hizi hakuna kikomo. Kiongozi akishapita bendera nyeupe ya mzunguko wa mwisho, bendera yoyote inayofuata inamaliza kazi.

Indianapolis 500 wao hushikilia umbali wao: mizunguko 200, basi. Agosti 2020 Spencer Pigot aligonga vibaya ikiwa imebaki mizunguko mitano, na Takuma Sato akavuka mstari kwa mwendo wa pole chini ya njano huku Scott Dixon akiwa nyuma yake hana la kufanya. Mei 2023 mambo yakageuka. Wasimamizi walisimamisha mbio kwa bendera nyekundu, zaidi ya mara moja, na mwisho wakaacha mzunguko mmoja tu wa kushindana. Marcus Ericsson alikuwa anaongoza. Josef Newgarden akampita kabla ya mstari na kushinda kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ericsson alilalamika waziwazi kwamba haikuwa haki na ilikuwa hatari.

Mimi nipo upande wa umbali uliotangazwa. Dereva hupanga mafuta, tairi na ujasiri wake kwa mizunguko 200, na mshindi wa mizunguko 200 ni yule aliye mbele inapotimia. Lakini hata anayependa nyongeza za NASCAR ana hoja nzuri, na sitagombana naye, kwa sababu kule kila mtu anajua saa tatu kabla kwamba nyongeza ipo. Kinachonikera ni kumalizia hivi mwaka huu na vile mwaka mwingine, kwa uamuzi wa mtu aliyekaa mbele ya skrini zake.

Msomaji wa Minneapolis: Kazini kwetu kila Machi wanajaza karatasi za kutabiri mashindano ya vyuo. Mimi hutabiri kwa rangi za jezi. Nitaijuaje timu yenye matumaini?

Anza na hesabu, itakupa unyenyekevu. Tangu 2011 zinaingia timu 68, ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Timu kubwa inahitaji kushinda mechi sita mfululizo. Chukua timu bora kiasi kwamba kila mechi ina nafasi ya asilimia 80 ya kushinda. Zidisha 0.8 kwa 0.8 mpaka zitimie sita: unapata kama asilimia 26. Yaani hata hiyo timu ya kutisha, mara tatu kati ya nne haibebi kombe. Ndiyo maana usimcheke aliyechagua Virginia mwaka 2018. Timu hugawanywa kanda nne, na kila kanda hupangwa kwa ubora toka nambari 1 hadi 16. Virginia walikuwa nambari moja, wakafungwa 74-54 na UMBC, chuo cha Maryland kilichopangwa nambari 16, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa wanaume. Mwaka uliofuata Virginia haohao wakawa mabingwa.

Sasa ya kutazama. La kwanza kwangu ni wamecheza wapi. Kamati inayopanga timu hutumia mfumo uitwao NET, na ndani yake ushindi wa ugenini una thamani kuliko wa nyumbani: kumfunga kwako timu iliyo ndani ya 30 bora kunahesabiwa daraja moja na kumfunga kwake timu iliyo ndani ya 75 bora. Ukiona timu ina ushindi 25 lakini ugenini inayumba, iogope, kwa sababu Machi hakuna anayecheza nyumbani kwake.

La pili, usiangalie pointi kwa mechi. Timu inayokimbiza mpira hufunga nyingi na kufungwa nyingi. Tazama inafunga na kuruhusu ngapi kwa kila mashambulizi mia. Takwimu za Ken Pomeroy, mchambuzi wa kikapu cha vyuo, hupanga timu zote hivyo, na mabingwa wengi wa miaka ya karibuni walikuwa juu kwa pande zote mbili, kushambulia na kulinda.

La tatu ndilo ninaloliamini zaidi: umri wa wachezesha timu. Zamani tulihesabu vijana wapya wenye sifa. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa benchi msimu mzima, na tangu Julai 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, kwa hiyo vijana wa miaka 22 na 23 wamejaa. Tazama 2025. Duke walikuwa na Cooper Flagg, kijana mwenye kipaji kuliko wote, na Khaman Maluach, mrefu wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Kwenye nusu fainali, chini ya dakika moja imebaki, walikuwa mbele ya Houston kwa pointi sita. Wakafungwa 70-67. Houston nao wakaja kufungwa 65-63 na Florida, ambao waliwahi kuwa nyuma kwa pointi 12. Walter Clayton Jr. wa Florida hakupata hata pointi moja kipindi cha kwanza, lakini ndiye aliyekwenda kuzuia mtupo wa mwisho wa Houston. Alikuwa mwaka wa nne chuoni, na alianzia chuo kidogo cha Iona, New York. Mtu wa namna hiyo hababaiki.

Rangi za jezi ziache. Ingawa mwaka huohuo wa 2025 timu zote nne zilizopangwa nambari moja zilifika nusu fainali, kitu kilichowahi kutokea mara moja tu kabla, mwaka 2008. Kwa hiyo ukichagua wakubwa tupu nako usione haya.

Msomaji wa Lubumbashi: Oscar Tshiebwe ni mtoto wetu. Mwaka ule alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote, lakini Kentucky ikatolewa mechi ya kwanza. Mbona hawachezi mara saba kama NBA?

Ule usiku niliuangalia, na mpaka leo naukumbuka kwa uchungu. Machi 2022 Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16 dhidi ya Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, na bado Kentucky ikapoteza 85-79 kwenye muda wa nyongeza. Mtu aliyekuwa na wastani wa ribaundi zaidi ya 15 msimu mzima, akaaga baada ya mechi moja. Tuzo kubwa za mchezaji bora alizipata, na zilimstahili.

Mechi saba zingemsaidia, bila shaka. Zingewanyima Saint Peter's safari yao mpaka robo fainali, na hakuna timu iliyopangwa nambari 15 iliyowahi kufika huko kabla yao. Mechi moja haikuulizi nani bora. Inakuuliza nani bora leo, na vyuo vyote 68 vinaingia vikijua hivyo. Sisi Watanzania tulilionja hilo 2009, Hasheem Thabeet na UConn, chuo cha Connecticut, walipofika nusu fainali wakiwa nambari moja na kufungwa na Michigan State 82-73 kule Detroit, jirani kabisa na nyumbani kwa wenzao. Huo uwanja ulikwisha kutangazwa siku nyingi. Tuliumia, hatukudai.

Kwenye malipo ndiko naona dhuluma. Wenzake Wamarekani walipoanza kulipwa kwa majina yao, mwanafunzi wa kigeni kama Tshiebwe alibanwa na viza ya masomo. Ilibidi asubiri safari ya timu Bahamas, Agosti 2022, afanye kazi za matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Jasho ni lilelile.

Msomaji wa Muscat: Nusu pointi ya Verstappen na Hamilton mwaka 2021 ilitoka wapi?

Spa, Ubelgiji, Agosti mwaka uleule. Mvua ilikataa kuacha, magari yakazunguka nyuma ya gari la usalama bila mtu kuruhusiwa kumpita mwenziwe, na matokeo yakatangazwa kwa nusu ya pointi za kawaida: 12.5 kwa Verstappen, 7.5 kwa Hamilton aliyekuwa wa tatu. Watu walilipa tiketi wakalowana, hawakuona mbio. Baadaye kanuni ilibadilishwa, sasa lazima ipatikane angalau mizunguko miwili ya kushindana kweli ndipo pointi zitolewe. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo.

Msomaji wa Dodoma: Kwa nini marefa wa kikapu huenda kutazama video hata mtupo wa mwisho ukiwa wazi kabisa?

Kwa sababu jicho hudanganyika muda unapoisha. Fainali ya 2016, Kris Jenkins wa Villanova alitupa mpira wa pointi tatu na king'ora kikalia ukiwa hewani. Ukaingia, 77-74 dhidi ya North Carolina. Kinachoangaliwa ni kama mpira ulitoka mkononi kabla taa nyekundu za ubao hazijawaka. Ulitoka. Waache waangalie, dakika mbili si nyingi. Mbio za kwanza za Daytona 500, mwaka 1959, zilichukua siku tatu: Johnny Beauchamp alitangazwa mshindi wa awali, picha zilipokusanywa ikaonekana Lee Petty ndiye aliyetangulia.

Msomaji wa Nakuru: Je, imewahi kutokea magari mawili yakalingana kabisa?

Imetokea, na mara moja ni hapa kwetu.

Le Mans 1966, mbio za saa 24 kule Ufaransa, wakubwa wa Ford walitaka picha ya magari yao yakivuka pamoja. Ken Miles alikuwa anaongoza, akapunguza mwendo kama alivyoagizwa. Waandaaji wakaamua kwamba gari la Bruce McLaren na Chris Amon lilianza nyuma zaidi kwenye mstari, hivyo lilikwenda umbali mrefu zaidi kwa saa 24 zilezile, na likapewa ushindi. Mwaka huo Miles alikwisha kushinda Daytona na Sebring. Miezi miwili baada ya Le Mans akafa akijaribu gari California. Hii siwezi kuisoma bila kuumia.

Safari Rally ya 1973 ndiyo ya kwetu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake iling'olewa huko na Amin mwaka 1972, na Msweden Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza na pointi sawasawa za adhabu. Kitabu cha mashindano kilikuwa na jibu tayari: anashinda aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Wakafungua kadi za vituo, wakasoma. Alikuwa Mehta. Hapakuwa na simu ya mkurugenzi wala neno la kubishania, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano.