Lita si Kilo: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Nimenunua dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti. Nyumbani mizani ikasoma kilo 19.4 pamoja na dumu lenyewe. Nimepunjwa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa namba hizo, hapana. Lita hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu kinachukua; kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada iliyomo. Kwa maji, vipimo hivi hukaribia kulingana: lita moja ni takriban kilo moja. Kinachoviunganisha ni densiti, ambayo ni tungamo kugawanya kwa ujazo. Ya mafuta ya alizeti ni takriban gramu 0.92 kwa sentimita moja ya ujazo (yaani mililita moja), kwa hiyo lita 20 ni kama kilo 18.4. Ukiongeza dumu tupu la karibu kilo moja, unaifikia namba yako.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chukua chupa kavu yenye shingo nyembamba, uchore alama shingoni. Ipime tupu, tuseme gramu 30. Jaza maji hadi kwenye alama: 530. Maji ni gramu 500, basi ujazo ni mililita 500. Mwaga, kausha kabisa, kisha jaza mafuta hadi alama ileile. Ukipata 490, mafuta ni gramu 460. Gawanya kwa 500, unapata 0.92.

Wengi hukosea kwenye kukausha. Matone ya maji yaliyobaki hukaa chini ya mafuta na kupandisha jibu. Mapovu nayo hulishusha, kwa hiyo mimina taratibu ubavuni mwa chupa, usubiri yatulie. Jicho liwe usawa wa alama, na kwa maji soma sehemu ya chini ya mbonyeo, si kingo zilizopanda kwenye ukuta wa chupa. Tena usipime mafuta yaliyotoka juani: joto likipanda nyuzi 10, lita 20 huongezeka kwa karibu mililita 140 bila tungamo kubadilika hata kidogo. Ndiyo maana kwa mafuta mengi tunapendekeza kununua kwa kilo.

SWALI: Mwanangu amefundishwa kwamba kilo si uzito. Sasa mizani ya dukani inapima nini? – Mzazi, Tanga

JIBU: Mtoto yuko sahihi. Uzito ni kani ambayo Dunia inavuta nayo kitu, na kipimo chake ni nyutoni. Kilo moja huvutwa kwa takriban nyutoni 9.8. Mizani ya sahani mbili hulinganisha tungamo na mawe yake, hivyo kilo ya unga ingebaki kilo hata Mwezini. Mizani ya springi huhisi kani, ila uso wake umeandikwa kilo. Mwezini ingesoma kama gramu 165 tu. Hapa Duniani inatosha kuangalia mshale uko kwenye sifuri kabla muuzaji hajaweka kitu.