Kwa mhasibu mpya wa shule: kadirio la umeme lianzie kwenye mita

Ukikabidhiwa bajeti ya umeme ya shule ya bweni, huenda utapewa bahasha ya risiti za LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na kuambiwa uanzie hapo. Zitunze, lakini usizifanye msingi wa makadirio, kwa sababu risiti huonyesha fedha zilitoka lini, wala haionyeshi umeme ulitumika lini. Shule ikinunua uniti nyingi mwishoni mwa Mei, Juni itaonekana haina matumizi kabisa.

Soma salio la mita kila tarehe mosi asubuhi. Chukua salio la mwanzo wa mwezi, ongeza uniti zilizonunuliwa, kisha toa salio la mwisho: shule iliyoanza Machi na uniti 210, ikanunua 900 na kubakiwa na 160, imetumia 950.

Kisha tenganisha siku za masomo na siku za likizo, maana wastani wa mwaka mzima unaifanya Desemba ilingane na Oktoba. Kalenda ya wizara peke yake haitoshi; muulize mwalimu wa taaluma kama kidato cha nne watabaki kambi, kwani kambi ni pampu, taa za mabweni na prepo ya usiku. Hata shule ikiwa tupu, matumizi hayawi sifuri: taa 10 za ulinzi za wati 20, zikiwaka saa 12 kila usiku, hula uniti 72 kwa mwezi (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Pampu ya kilowati 1.5 inayofanya kazi saa 4 kwa siku hufikisha uniti 180 kwa mwezi, na ndiyo ninayoikagua kwanza, kwa kuwa bomba linalovuja huilazimisha kusukuma maji yasiyomfikia mtu.

Kumbukumbu za nyuma zichujwe. Miezi ya mgao wa umeme nchini Tanzania, kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, haifai kuwa kipimo, kwa kuwa matumizi yalishuka kwa kukosa umeme, si kwa kubana matumizi. Palipokuwa na jenereta, gharama ilihamia kwenye dizeli, na mara nyingi dizeli husomeka katika fungu jingine kabisa.

Kadiria uniti kwanza, bei baadaye. Kundi la T1, yaani la watumiaji wa kawaida, limekuwa likitozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji); kiasi halisi kipate kwa kugawanya fedha zilizolipwa kwa uniti zilizopatikana kwenye risiti ya karibuni, na hapo ndipo bahasha ile inapofaa. EWURA ikipitisha bei mpya, utabadilisha tarakimu moja tu badala ya kuanza upya.

Kila mwisho wa mwezi linganisha kadirio na matumizi halisi, na tofauti ikiwa kubwa, zunguka majengo kabla ya kugusa hesabu, kwa sababu si ajabu ukakuta duka la shule limeunganisha jokofu jipya bila ofisi ya uhasibu kuambiwa.