Shangazi, nina nuksi ya magari?

*Shangazi, kwa miaka 14 nimemiliki magari matatu. La kwanza nililinunua jipya, nikakaa nalo miaka minne bila tabu. La pili liliunguza injini. Hili la tatu linachemsha kila nikipanda mlima, na kila asubuhi lazima niongeze maji ya bomba kwenye rejeta. Fundi kabadilisha rejeta, kisha pampu ya maji, mwisho akaitoa thamostati. Bado. Mke wangu amegoma kulipanda tangu usiku ule aliolisukuma na mtoto mgongoni. Anataka tuliuze. Nahisi nina nuksi.*

Mwanangu, nuksi haiongezwi maji kila asubuhi. Hayo maji yanakwenda wapi? Hilo ndilo swali ambalo wewe na fundi wako hamjaulizana.

Kama chini ya gari hakuna hata tone, huenda injini inayanywa. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, au moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, au rejeta inatoa mapovu, gasketi ya silinda hedi, ule utando unaoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, huenda imekwisha. Mwambie fundi apime presha ya mfumo wa maji kabla hajagusa spea nyingine. Aangalie na mfuniko wa rejeta. Springi yake ikilegea presha hushuka na maji huchemka mapema. (Usiufungue injini ikiwa ya moto, nakusihi.) Kubahatisha ni ghali. Mimi mwenyewe niliwahi kununua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, kumbe altaneta ndiyo haichaji.

Thamostati irudishwe. Ule ni mlango wa maji ya kwenda kwenye rejeta: hujifunga injini ikiwa baridi, hufunguka ikipata moto. Ukiung'oa, injini hukawia kupata joto na hula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Na bomba uliache. Maji yale huacha ukoko kama wa birika, na kutu juu yake. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, huzuia kutu na huchelewa kuchemka. Gari lako la kwanza lilikuja na kulanti ya kiwandani, ukaliuza kabla halijakudai chochote. Ndiyo maana unalikumbuka kama malaika. La pili, nadhani, ulilinywesha bomba kama hili.

Kuuza au kutouza, subiri vipimo. Hedi ikiwa imepinda, piga hesabu bila huruma, na ukiuza mweleze mnunuzi ukweli.

Mkeo simlaumu hata kidogo. Rejeta umeitaja mara mbili, lakini sijaona popote ulipoandika kwamba ulimwomba radhi kwa usiku ule. Anza na hilo leo, kabla ya gereji. Gari likiwa bado linapimwa, yeye na mtoto wapande basi, na nauli utoe wewe.